Swichi za kupimia uchoraji ndani ya Android: nilichokiona baada ya kuzitumia kazini

Kuna lalamiko moja linalomsumbua mpimaji wa programu kuliko mengine yote: "Inakuwa nzito nzito." Mtumiaji hasemi programu imejifunga, hasemi imekosea hesabu, hasemi imempotezea kazi yake. Anasema nzito. Ukimwuliza nzito vipi, anakuonyesha kwa kidole: anasogeza orodha juu, na mahali fulani katikati orodha inashikwa na kigugumizi, halafu inaendelea kama kawaida. Unaichukua simu yake ujaribu mwenyewe, haifanyi. Unamrudishia, inafanya.

Kazi yangu ni kupima programu za simu kabla hazijawafikia watu, na kwa muda mrefu lalamiko hilo lilinishinda kuandikia ripoti. Ningeandika nini? Msanidi angesoma, angewasha simu yake mpya, angesogeza orodha, kisha angenijibu kwa upole, "Dada, kwangu inateleza vizuri tu." Na alikuwa anasema kweli.

Kilichobadilisha mambo ni swichi zilizofichwa ndani ya Android yenyewe, kwenye menyu ya Chaguo za wasanidi programu. Hizo ndizo ninazozipitia hapa, zile tu zinazohusu uchoraji wa skrini. Hazikuja kama programu moja yenye jina lake. Zimetawanyika katika orodha ndefu, pamoja na vitu vya USB, mtandao na mengineyo ambayo sitayagusa. Menyu yenyewe haionekani mpaka uende kwenye taarifa za simu, utafute nambari ya toleo la mfumo, uigonge mara 7. Imefichwa hivyo tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, na naona ni sawa, maana humo ndani kuna vitu vya kumchanganya mtu asiyevihitaji. Hulipi chochote, hupakui chochote, na kwa sehemu kubwa huhitaji kompyuta.

Kabla sijasema ipi ninaipenda, lazima nieleze saa tunayoshindana nayo. Skrini ya 60 Hz hujionyesha upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo programu ina milisekunde 16.67 kuandaa kila fremu, yaani kila picha moja kamili ya skrini: kupokea mguso, kupanga vitu mahali pake, kuandika maagizo ya kuchora, na kuyakabidhi kwa GPU, kichakataji cha picha, iyatekeleze. Ikichukua milisekunde 17, usidhani mtumiaji amecheleweshwa kwa theluthi ya milisekunde. Programu imekosa zamu. Inasubiri pigo linalofuata, na fremu ya zamani inakaa machoni kwa milisekunde 33. Hicho ndicho kigugumizi. Kwenye skrini ya 120 Hz nafasi inashuka hadi milisekunde 8.33. Android ilianza kuufuata mdundo huu kwa dhati katika toleo la 4.1 mwaka 2012, kwa kazi iliyoitwa Project Butter, iliyofunga uchoraji na pigo la skrini na kuongeza akiba ya tatu ya fremu. Mwaka 2014, Android 5.0 ikaleta uzi wa pili, yaani mkondo wa kazi unaokwenda sambamba, wa kuchorea, ili uzi mkuu wa programu, ule unaopokea miguso, usibebe kila kitu peke yake.

Swichi ya kwanza ambayo karibu kila mtu huianza ni ile ya kuchora grafu ya muda wa fremu juu ya skrini. Ukiiwasha, nguzo nyembamba za rangi zinaanza kupanda chini ya skrini, nguzo moja kwa fremu moja, na mstari wa kijani umelala kuonyesha milisekunde 16. Fremu iliyovuka kiwango hupata nguzo nene na iliyokolea zaidi, hivyo hata ukiwa unaangalia kwa jicho la pembeni utaiona. Uzuri wake uko kwenye rangi. Kila nguzo imegawanyika vipande, na kila kipande kinasema muda ulikwenda wapi. Kijani kilicho juu ya vijani vingine ni kupanga na kupima vitu, buluu ni kuandika maagizo ya kuchora, buluu hafifu ni kupeleka picha kwenye GPU, nyekundu ni kutoa maagizo, na rangi ya machungwa ni kuisubiri GPU imalize kazi yake.

Hapo ndipo yule mwenye orodha nzito alipopata jibu. Niliwasha grafu kwenye simu yake mwenyewe nikamwambia asogeze yeye, nami nikae pembeni. Nguzo zilitambaa chini ya mstari, fupi fupi, kisha kila picha mpya ilipoingia kutoka chini, nguzo moja ilirukia juu, na karibu yote ilikuwa buluu hafifu. Picha zake zilikuwa zimepigwa kwa kamera yenye pikseli 4000 kwa 3000, na programu ilikuwa inazifungua zilivyo. Pikseli milioni 12, baiti 4 kila moja, ni megabaiti 48 za kusukuma kwenye GPU ili kuonyesha kipicha cha pikseli 200 kwa 200, ambacho kingetosha kwa kilobaiti 160. Nikaelewa pia kwa nini kigugumizi kilitoweka kila niliposhika simu mimi. Nilikuwa narudi juu kwenye picha alizokwisha kuzipita yeye, ambazo tayari zilikuwa zimepakiwa. Nikimrudishia, alikuwa anaendelea chini kwenye mpya. Siku zote nilikuwa nimedhani ni bahati mbaya.

Lakini grafu hii ina mitego, na aliyeanza jana ataingia yote. Inachora kwa kila programu inayoonekana, kwa hiyo upau wa juu wa mfumo unaweza kuwa na nguzo zake, na mtu akazisoma kama zake. Michezo na programu zinazojichorea zenyewe moja kwa moja kwenye GPU haziingii humo kabisa, kwa sababu grafu inapima njia ya kawaida ya uchoraji wa Android tu. Ukiona skrini ya mchezo inakwama na grafu imetulia tuli, usimwandikie mtu kwamba mambo ni mazuri. Na kama skrini yako ni ya 120 Hz, nguzo iliyo chini ya milisekunde 16 haijakuthibitishia kitu. Kingine ni kwamba macho husahau: nguzo mbaya ikishapita imekwenda, na ripoti haiandikwi kwa kumbukumbu ya macho.

Ndiyo maana grafu hii siitumii bila nduguye, ambaye kwa bahati mbaya anahitaji kompyuta na waya. Amri ya adb shell dumpsys gfxinfo, inayoandikwa kwenye kompyuta iliyounganishwa na simu na kufuatiwa na jina la kifurushi cha programu, inakutolea jumla ya fremu zilizochorwa, ngapi zilikwama, na muda wa fremu kwa asilimia ya 50, 90, 95 na 99: ile ya 90, kwa mfano, ni muda ambao fremu 90 kati ya 100 hazikuuzidi. Usiangalie ile ya 50. Karibu kila programu inapendeza kwenye asilimia ya 50. Mtumiaji anakumbuka ile fremu moja mbovu kati ya 100, basi nenda kwenye 99 ukaishi huko. Amri hiyo hiyo ukiiongezea framestats inakupa fremu 120 za mwisho, moja moja, hatua kwa hatua. Kwenye skrini ya 60 Hz hizo ni sekunde 2 tu, kwa hiyo tenda kosa kwanza, kisha kimbilia kibodi. Mimi husafisha hesabu kwa neno reset, nasogeza orodha mara idadi ile ile, kwa mwendo ule ule, halafu nasoma. Bila kusafisha, unachanganya muda wa kuwaka kwa programu na muda wa kuitumia, na namba haina maana tena.

Sasa nije kwenye swichi inayosifiwa na kila mtu, ile ya kuonyesha kuchora juu ya mchoro. Inapaka skrini rangi kulingana na mara ambazo kila pikseli imechorwa ndani ya fremu moja. Iliyochorwa mara moja hubaki na rangi yake. Iliyorudiwa mara 1 inakuwa buluu, mara 2 kijani, mara 3 waridi, mara 4 au zaidi nyekundu. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona, ni kama kuvua nguo za ukuta: unakuta chini ya rangi nyeupe kuna nyeupe nyingine, na chini yake nyeupe nyingine tena. Dirisha lina mandharinyuma yake, ukurasa una yake, orodha ina yake, kila mstari wa orodha una yake, na zote ni nyeupe. Kwa skrini ya pikseli 1080 kwa 2400, safu moja kamili ni pikseli 2,592,000, na kwa fremu 60 ni zaidi ya milioni 155 kila sekunde. Kila nyeupe isiyo na kazi inaongeza kiasi hicho tena. Simu kali haishtuki. Simu ya bei ya chini inatokwa jasho.

Nimpongeze aliyefikiria kuweka chaguo la pili la rangi hapo hapo, kwa wale wasiotofautisha vizuri kijani na nyekundu. Vifaa vingi vya kupimia husahau kwamba hata mpimaji ana macho yake.

Hata hivyo, swichi hii inapendeza mno, na hapo ndipo inapopoteza watu. Kwa sababu matokeo yake ni ya rangi na yanaonekana hata kwenye picha ya skrini, ni rahisi kuyabandika kwenye ripoti na kudai kila nyekundu iondolewe. Mimi nilifanya hivyo. Nilimsukuma msanidi aondoe mandharinyuma ya dirisha, maana ukurasa wetu ulikuwa unafunika kila kitu na ile safu ya chini ilikuwa bure. Aliiondoa. Buluu ikafutika, nikafurahi, tukapitisha. Kisha mtumiaji mmoja akaandika kwamba kila akifunga kibodi, ukanda mweusi unaonekana chini ya skrini kwa kitambo kidogo kabla ukurasa haujashuka kuujaza. Ukurasa haukuwa unafunika kila kitu kila wakati. Ulikuwa unafunika kila kitu isipokuwa katika zile fremu chache ambazo dirisha limeshakua na ukurasa bado haujapangwa upya, na katika fremu hizo ile safu "ya bure" ndiyo iliyokuwa inasitiri. Kosa lilikuwa langu. Tulirudisha mandharinyuma ya dirisha, tukaondoa ya ukurasa badala yake, na buluu ilifutika vile vile. Tangu hapo, kabla sijaomba safu iondolewe, nafungua na kufunga kibodi, nazungusha simu, nagawanya skrini kwa programu mbili, ndipo niseme.

Tena grafu ikionyesha kwamba nguzo ndefu ni za buluu au kijani, yaani muda unaliwa kabla GPU haijaguswa, kuhangaika na kuchora juu ya mchoro ni kutwanga maji kwenye kinu. Ikiwa machungwa ndiyo inayopanda, hapo sawa, washa rangi.

Swichi ninayoithamini kuliko zote haizungumzwi sana. Ni ile inayomulika dirisha zima kila linapochorwa upya. Jaribio lake ni rahisi kupita kiasi: iwashe, fungua programu yako kwenye ukurasa ambao hauna kinachosogea, weka simu mezani, ondoa mikono. Subiri. Skrini iliyotulia haipaswi kumulika hata kidogo. Kama hakuna kilichobadilika, mfumo hauna sababu ya kuchora, GPU inapumzika, na betri inapumzika nayo. Ukigusa sehemu ya kuandikia, utaona mmuliko wa taratibu, mara 2 kwa sekunde. Hicho ni kishale cha kuandikia, ambacho Android hukiwasha na kukizima kila baada ya milisekunde 500. Mara ya kwanza nilipoutambua mdundo ule nilikaa nikiutazama kwa muda. Kitu kidogo vile, mstari mwembamba usiozidi urefu wa herufi, na kila kikipepesa dirisha zima linaingia kazini.

Nilipeleka jaribio hilo kwenye programu ya kusoma makala tuliyokuwa tunaipima. Watu walilalamika kwamba simu inapata moto wakisoma. Kusoma! Maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, hakuna video, hakuna mchezo. Tulikwisha kupiga ramli kila upande: labda mtandao, labda matangazo, labda fonti. Niliwasha swichi, nikafungua makala, nikaweka simu mezani. Dirisha likaanza kumulika bila kukoma, fremu baada ya fremu, na mimi sijaligusa.

Hapo unajua kuna anayechora, lakini hujui wapi. Kuna swichi jirani, inayomulika kipande kilichobadilika ndani ya dirisha badala ya dirisha zima. Nikazima ya kwanza nikawasha hiyo. Kimraba kidogo katikati ya makala, kimekaa juu ya aya ya tatu, kinamulika peke yake. Nikaangalia aya ya tatu kwa makini. Hakuna kitu. Herufi tu. Nikasogeza makala juu, herufi zikasogea, kimraba kikabaki palepale katikati ya skrini.

Bado hujui ni nani. Swichi ya tatu ni ya kuonyesha mipaka ya mpangilio. Inachora mstari kuzunguka kila kitu kilichomo kwenye ukurasa, na pembe za buluu kwenye kona zake, hata kama kitu chenyewe hakionekani kwa sababu kimefunikwa. Na pale katikati zikajitokeza pembe nne za buluu zikizunguka nafasi tupu, kubwa kama ukucha wa kidole gumba. Nilimwita msanidi. Aliangalia sekunde chache akasema, "Hilo ni duara la kusubiria." Makala ikiwa bado inapakuliwa, duara linazunguka katikati ya skrini. Makala ikifika, ukurasa unaletwa juu yake na kulifunika. Hakuna aliyeliambia duara liache. Liliendelea kuzunguka nyuma ya ukurasa, gizani, muda wote mtu anaposoma, na kila mzunguko wake ukaiamsha GPU. Android haikagui kama kitu kimefunikwa na jirani yake kabla ya kukichora. Kama hujakificha wewe, kinachorwa. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja.

Swichi tatu, katika mpangilio huo: ya kwanza inakuambia yupo, ya pili wapi, ya tatu nani. Zimenifaa kuliko rangi zote za kuchora juu ya mchoro. Ningekuwa naandaa menyu hiyo mimi, ningeziweka pamoja juu kabisa. Zilivyo sasa zimekaa mbalimbali, na maelezo yake ni mafupi kiasi kwamba asiyezijua hawezi kukisia zinafanya nini.

Tahadhari moja ninayoitilia mkazo: mmuliko huo ni mkali na wa kasi. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inataka ukurasa usimulike zaidi ya mara 3 kwa sekunde moja, kwa ajili ya watu wanaopata kifafa kwa mwanga wa kupepesa. Dirisha linalochora kila fremu linapita kiwango hicho mbali. Usiiwashe swichi hii mbele ya kundi la watu kwenye projekta bila kuwauliza kwanza. Mimi naifanyia mezani kwangu, nikiwa peke yangu, simu ikiwa na mwanga wa chini.

Kuna nyingine inayomulika kijani pale safu iliyohifadhiwa kwenye GPU inapochorwa upya. Safu hizo hutumika wakati wa uhuishaji, ili kitu kichorwe mara moja kisha kisogezwe tu. Unataka kijani kionekane mara moja mwanzoni kisha kitoweke. Kikiendelea kuwaka muda wote wa mwendo, safu inatengenezwa upya kila fremu na umeongeza kazi badala ya kuipunguza. Naitumia mara chache, ila inapohitajika haina mbadala.

Menyu hiyo hiyo ina vipimo vya mwendo wa uhuishaji, ambavyo wengi huvitumia ili simu yao ionekane ya haraka, kwa kushusha hadi nusu. Mimi naenda upande wa pili, mara 10. Mpito wa ukurasa uliokuwa unapita kufumba na kufumbua sasa unachukua sekunde kadhaa, na unaona kila kinachojitokeza kati ya mwanzo na mwisho. Tulikuwa na lalamiko kwamba kwenye mandhari meusi, ambayo Android imekuwa nayo kwa mfumo mzima tangu toleo la 10 la mwaka 2019, ukurasa mmoja "unapiga mwanga" unapofunguka. Kwa mwendo wa kawaida sikuliona kabisa. Kwa mara 10 liliniangalia usoni: karatasi nyeupe kamili inaingia kutoka pembeni, inakaa, kisha weusi unaijaza. Mandharinyuma ya dirisha lile lilikuwa limeandikwa jeupe moja kwa moja, bila kufuata mandhari. Anayefungua ukurasa huo kitandani usiku, macho yameshazoea giza, alikuwa analipata jeupe lile lote mboni zikiwa wazi.

Wanaofanya kazi hii kwenye mifumo mingine wana za kwao. Kivinjari cha Chrome kina mmuliko wa kijani kwa vipande vinavyochorwa upya, ndani ya vifaa vyake vya wasanidi. KWin, programu inayosimamia madirisha katika mazingira ya KDE kwenye Linux, ina athari ya kuonyesha uchoraji. Apple wana rangi za kuonyesha safu zilizochanganywa kwa uwazi, nyekundu kwa zilizochanganywa na kijani kwa zilizo imara, lakini hizo zinafikiwa kupitia Xcode, programu yao ya wasanidi, kwenye kompyuta ya Mac. Nilichokipenda kwenye Android ni kwamba simu peke yake inatosha. Naweza kukaa na mtumiaji popote alipo, kwenye simu yake mwenyewe yenye picha zake mwenyewe, na kuona tatizo lake badala ya nakala yake.

Pale swichi zinapoishia, kuna Perfetto, kifaa cha kurekodi kinachoendelea ndani ya mfumo. Kurekodi kunaweza kuanzia kwenye simu tangu Android 9, na rekodi inafunguliwa kwenye kivinjari. Kuanzia Android 12 ina mistari miwili kwa kila fremu, ilivyotarajiwa na ilivyokuwa, na kipande chekundu maana yake programu yenyewe ndiyo iliyochelewa, cha njano maana yake programu ilitimiza wajibu wake na mfumo wa kuunganisha madirisha ndio uliochelewa. Hilo limeokoa urafiki mwingi kati yangu na wasanidi. Lakini linadai utulivu, kompyuta, na nusu siku ya kujifunza kusoma. Simpi mtu siku yake ya kwanza.

Nazipa swichi hizi nyota nne kati ya tano. Nyota iliyobaki naizuia kwa ajili ya ile menyu iliyotawanyika na maelezo yake ya maneno matatu, na kwa sababu grafu, kifaa ambacho kila anayeanza hukigusa kwanza, ndicho rahisi zaidi kusomwa vibaya. Ukitaka kuanza, tafuta simu dhaifu kuliko zote walizonazo watumiaji wako, si ile iliyo mfukoni mwako, jaza ndani yake picha kubwa na jumbe nyingi kama mtu aliyeitumia miaka, kisha washa swichi ya mmuliko na uiweke mezani. Ukimaliza, zima swichi kuu ya menyu kabla hujairudisha kwa mwenyewe.